Taa ya Nyuma

Kilomita elfu mbili na mia tisa kutoka Rasi ya Sata,
na zilikuwa zimebaki sita.
Kibao ndicho kilichosema, cha kijani, kimeliwa na chumvi.
Niliinua vidole sita nyuma ya mgongo wangu.
Tokuji hakujibu.
Honi yake ilikuwa imenuna tangu Aomori.

Tuligombana kwa yai.
Acheke anayetaka: wazee wawili wa miaka sabini na mmoja,
matarishi wastaafu wa posta moja,
na pikipiki mbili nyekundu tulizonunua chakavu mnadani
kwa kuwa zilitujua makalio,
tukagombania yai la kuchemsha kwenye kituo cha feri.
Yai lilikuwa kisingizio.
Toka kusini hadi Niigata tulipokezana,
leo yeye, kesho mimi,
anayetangulia ndiye anayekula upepo.
Halafu akajibanza nyuma yangu kama mkia.
Siku tisa nikaula peke yangu.
Mvua ya Akita, yote, iliishia kifuani pangu.
Nikasema moyoni: mvivu.
Kwenye yai nikalisema kwa mdomo.

Bahari ilikuwa kushoto.
Wanawake wenye mabuti ya mpira
walitandaza mwani mweusi juu ya kokoto, mrefu kama mikanda ya mashine.
Kulungu watatu walisimama katika uwanja wa shule
wakitutazama kama walimu wa zamu.
Kilomita tatu. Mbili.
Nikatamani petroli iishe.
Mwezi mzima unaomba kufika,
ukikaribia unagusa breki kidogo,
mtoto na peremende yake ya mwisho, halambi, hatafuni.

Mwisho wa nchi ni uwanja wa kuegeshea magari.
Duka la zawadi, choo safi,
mnara wa pembe tatu, na foleni ya watalii.
Nikazima injini. Naye akazima.
Masikio yakaendelea na safari.

Alisimama mbele ya kibao muda mrefu, kofia ngumu kwapani.
Kisha, neno la kwanza kwa siku tatu:
"Kiyomatsu, pameandikwa nini?"

Herufi zenyewe zilikuwa kubwa kama ndoo.

Na huyu ndiye aliyesoma bahasha zilizolowa,
mwandiko wa vikongwe, wa walevi,
wa watoto waliomwandikia babu aliyekwishazikwa.
Miaka thelathini na minane hakukosea mlango.
Barua iliyotushinda wote, tulimpelekea yeye,
akaigeuza mara moja kwenye mwanga, akawasha pikipiki.

"Tangu lini?"
"Niigata. Katikati ya kila kitu pana doa.
Pembeni naona.
Na taa yako ya nyuma naiona, nyekundu. Nilifuata hiyo."
"Ungeniambia."
"Ungegeuza."

Kweli, ningegeuza.

Basi nikamsomea kibao.
Nikamsomea mnara, pande zote tatu.
Nikamsomea bei ya chaza wa kuchoma,
na onyo kuhusu kunguru wanaopora chakula mkononi.
Akaniuliza kama ng'ambo, kwa Warusi, kunaonekana.
Nikasema kunaonekana vizuri, hata milima.
Akageuza shingo, akatazama kwa pembe ya jicho.
"Mwongo. Ukungu mtupu."

Kijana mmoja alijitolea kutupiga picha.
Sogeleaneni, alisema. Tukasogeleana.
Tena, babu. Tukasogea tena.
Tokuji akatoa yai mfukoni mwa koti,
la tangu Aomori, limepasuka ganda,
akalishika kati yetu kama kombe la ubingwa.
Lilinuka. Hatukulitupa hadi picha ilipotoka.

Kesho pikipiki zitapakiwa kwenye lori,
sisi tutapanda treni.
Hilo hatukulizungumza.
Ukungu ulishuka barabarani
tukienda kwa miguu kutafuta nyumba ya wageni.
Nilitangulia.
Taa sikuwa nayo.
Kila baada ya hatua chache nikawa nakohoa,
ingawa sikuwa na kikohozi.